Fyuzi ya Karatasi ya Peremende

Kila siku akitoka shule, Kimya alianza na vumbi. Aliweka mkoba chini ya meza ya cherehani, akanawa mikono na kuikausha, kisha akachukua kipande cha fulana kuukuu na kuifuta amplifaya ya baba yake. Alifuta juu, akafuta ubavuni, akapitisha ncha ya kitambaa katikati ya vitufe, kimoja baada ya kingine. Halafu alifuta kinanda cha santuri na zile spika mbili za mbao zilizosimama kwenye pembe za chumba kama mapacha waliogombana.

"Umemaliza kumwogesha mgonjwa?" baba yake aliuliza kutoka chumbani.

"Bado sikio moja, baba."

"Harakisha basi. Wanamuziki wangu wamechoka kusubiri."

Kimya halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa msemaji. Darasani, mwalimu akimwuliza swali, jibu lilifika kooni likageuza njia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na ulimi wake ulikuwa mwepesi mahali pamoja tu: kando ya kiti cha baba yake, muziki ukipigwa.

Baba yake alikuwa mchapaji. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, mpaka macho yake yalipoingia ukungu, na baada ya ukungu likaja giza. Daktari alisema mishipa ya macho imekufa na haifufuki. Alipotoka hospitali alilala akageukia ukuta, akakaa hivyo msimu mzima wa mvua. Hakutaka kuoga wala kuzungumza, na chakula alikionja tu ili mama asilie.

Kilichomwinua ni amplifaya hii. Siku moja mama aliiwasha bila kufikiri, ili nyumba isifanane na yenye msiba, na baba akasema kwa sauti iliyokauka, "Spika ya kushoto imezibwa na kitu. Sogezeni hilo kapu." Kesho yake akaketi kitini. Tangu hapo alinyanyuka kila alasiri kwa ajili ya muziki, na akishanyanyuka alikula, alinyoa ndevu, alifanya utani. Mama, aliyekuwa akishona sare za shule katika chumba hichohicho, alizoea kusema, "Mume wangu anaendeshwa na umeme."

Kimya aliweka santuri. Baba alikuja akipapasa ukuta, akaketi kati ya zile spika mbili.

"Funga macho," alisema. "Mpiga gitaa amesimama wapi?"

"Kushoto, karibu na mlango."

"Mpiga ngoma?"

"Nyuma kidogo."

"Na mwimbaji?"

"Katikati. Yuko mbele yako kabisa, kama anataka kukuomba chumvi."

Baba alicheka. "Hiyo ndiyo kazi ya spika mbili, mwanangu. Moja inakupa wimbo. Mbili zinakupa wimbo na chumba chake. Mimi sioni chumba chochote siku hizi isipokuwa hicho."

Mambo ya amplifaya Kimya alijifunza peke yake, na kitabu chake kilikuwa cha ajabu. Kule kiwandani, karatasi kubwa zilizochapwa vibaya zilitupwa, na wachapaji waliruhusiwa kwenda nazo nyumbani kufungia vitu. Baba aliwahi kuleta rundo la karatasi za kitabu cha mafundi kilichoeleza vyombo vya muziki. Zilikuwa hazijakatwa wala kukunjwa. Karatasi moja ilibeba kurasa kumi na sita, nane kila upande, nyingine zimesimama sawasawa, nyingine kichwa chini miguu juu. Kimya alizitandaza sakafuni akazizunguka kwa magoti, akisoma ukurasa wa kwanza hapa, wa pili upande wa nyuma, wa tatu kule pembeni.

"Wenzako wanasoma kwa macho," mama alimwambia, "wewe unasoma kwa magoti."

Tatizo lilikuwa moja. Karatasi ya pili haikuwepo. Labda ilifungia sabuni zamani. Kwa hiyo kitabu cha Kimya kiliruka kutoka ukurasa wa kumi na sita hadi wa thelathini na tatu. Chini kabisa ya ukurasa wa kumi na sita paliandikwa hivi: "Fyuzi haikatiki bure. Sababu za kukatika kwake ni nne. Ya kwanza ni". Basi. Ukurasa wa thelathini na tatu ulikuwa tayari unazungumzia spika.

Kimya alijua kwamba sababu ni nne. Hakuijua hata moja.

Mtaani hawakujua kwamba kitabu chake kina pengo. Siku alipounga waya wa redio ya mwalimu wao, habari zilienea, na aliyezieneza ni jirani yake wa dawati. Huyu aliitwa Kasuku, kwa kuwa alisema kwa niaba ya watu wawili, yeye na Kimya.

"Huyu mnayemwona ni fundi," Kasuku aliwaambia wenzake. "Hasemi kwa sababu anafikiri. Nyinyi mnaosema sana mnajua nini?"

Watu wakaanza kumwuliza mambo. Spika yangu inakwaruza, itakuwa imekufa? Waya huu na huu zinaungana? Mara nyingine Kimya alijua jibu. Mara nyingine hakujua, lakini alitikisa kichwa polepole kama anayejua. Kutikisa kichwa hakuhitaji maneno, na neno "fundi" lilikuwa tamu masikioni mwake kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa darasani.

Ijumaa moja, mama mwenye duka la nyuzi alikuwa akitupa spika mbili ndogo. Kimya na Kasuku wakazibeba hadi nyumbani. Kimya alikuwa na wazo. Ikiwa spika mbili zilimpa baba chumba cha mbele yake, nne zingemzungushia chumba kizima. Ukurasa wa thelathini na tano ulionyesha jinsi ya kumenya ncha za waya na kuunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hakuona popote palipoandikwa amplifaya moja inaweza kubeba spika ngapi. Aliziunga zile mbili pamoja na zile za zamani, akaziweka nyuma ya kiti.

Baba aliketi. Muziki ulipoanza, aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, mdomo wazi.

"Eeh! Wamenizunguka! Mama watoto, nimevamiwa!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mama aliacha cherehani akamtazama tu, mkono shavuni. Ilikuwa miaka mitatu tangu asikie kicheko cha namna ile.

Kesho yake, baba na mama walipokwenda kliniki, Kimya aliwasha amplifaya akaona taa haiwaki. Alifungua kifuniko kidogo cha nyuma, akatoa fyuzi. Ilikuwa kichupa cha kioo chembamba kuliko kidole cha mtoto, na uzi wake wa ndani ulikuwa umekatika. *Fyuzi haikatiki bure.* Alilikumbuka neno hilo vizuri.

"Haikatiki bure," alimwambia Kasuku. "Kuna sababu nne."

"Zipi?"

Kimya akatazama pembeni.

"Wewe ni fundi au si fundi?" Kasuku aliuliza. "Unashindwa na kichupa? Kwa mama mdogo wangu fyuzi ilikatika, wakaizungushia karatasi ya peremende, ile inayong'aa. Ikafanya kazi mpaka leo."

"Mpaka leo?"

"Mpaka walipohama." Akatoa peremende mfukoni, akaimenya, akaitia mdomoni, akampa Kimya karatasi. "Haya. Mimi mchango wangu nimetoa, sehemu ngumu nimeila."

Kimya aliizungusha ile karatasi kwenye kichupa, akakirudisha mahali pake. Taa nyekundu ikawaka.

"Unaona?" Kasuku alisema, shavu moja limevimba kwa peremende. "Fundi!"

Jumatatu, muziki ukiwa katikati, baba aliinua pua.

"Nasikia harufu ya kitu kinaungua."

Kimya aliweka kiganja juu ya amplifaya, akakiondoa upesi. Bati lilikuwa la moto. Mama alikuwa amekwenda kupeleka sare kwa wateja, na pasi yake ya mkaa ilikuwa dirishani, baridi.

"Ni pasi, baba. Mama ameunguza kitambaa."

"Mama yako? Aunguze kitambaa cha mtu?"

"Kidogo tu."

"Haya," baba akasema.

Kimya alipunguza sauti, akafungua dirisha. Alijiambia kwamba kesho ataziondoa zile spika za nyuma. Leo hakuweza, kwani baba angeuliza wale watu wa nyuma wamekwenda wapi, na yeye angelazimika kueleza kitu asichokijua.

Kesho yake hakuziondoa. Saa kumi alasiri, santuri ikiwa upande wa pili, besi ilianza kuguna kama mtu anayeota ndoto mbaya. Kisha kitu kikalia *pwa!* ndani ya bati. Moshi mwembamba ukatoka nyuma, taa nyekundu ikazimika. Kimya aliruka akachomoa plagi ukutani.

"Kuna nini?" baba aliuliza.

"Umeme umekatika, baba."

Maneno yalitoka haraka mno kwa mtu aliyeitwa Kimya. Na mara hiyohiyo, ng'ambo ya ukuta, mashine ya kinyozi jirani yao ilianza kunguruma. Kinyozi huyo hakuwa na jenereta.

Baba aligeuza sikio kidogo kuelekea ukutani.

"Haya," alisema baadaye. "Tungoje urudi."

Akaweka mikono juu ya magoti, akangoja. Kimya alisimama na plagi mkononi, hathubutu hata kuiweka chini isije ikagonga sakafu. Mashine ya kinyozi ilinyamaza, ikanguruma, ikanyamaza tena. Mteja mmoja alilalamika kwamba upande mmoja umebaki mrefu. Mashine ikanguruma mara nyingine. Baba aliketi vile, uso umetulia, saa nzima.

"Kinyozi ana bahati," alisema mwishowe. "Umeme wake haukatiki."

Akanyanyuka. Alipita kando ya spika ya kushoto, akaigusa juu kwa kiganja, akaingia chumbani. Kitanda kikalia.

Siku ya pili hakutoka. Wala ya tatu. Mama alipeleka sahani ya chakula na kurudi nayo ikiwa vilevile.

"Baba yako ana nini?" alimwuliza Kimya. "Mmegombana?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Nimeuliza kama yuko tayari kusikiliza muziki, akaniambia umeme umekatika. Umeme upo!" Mama alivuta uzi akaukata kwa meno. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amegeukia ukuta. Kama ule mwaka."

Jumamosi asubuhi Kimya aliitia amplifaya ndani ya beseni, akaifunika kwa khanga, akaibeba kichwani kwenda kwa fundi wa redio. Fundi huyo alikuwa mama mnene aliyevaa miwani mbili, moja usoni, nyingine kichwani, akizibadilisha kutwa nzima. Meza yake ilijaa redio zilizopasuliwa, nyaya za rangi zote, na waya wa risasi ya kulehemu uliokunjwa kama kamba ya tiara. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kugusa skrubu, mteja aliketi kwenye stuli akasimulia chombo chake kilivyoharibika, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Sema."

"Iliharibika yenyewe," Kimya alinong'ona.

"Habari fupi hiyo. Ilikuwa inafanya nini ilipoharibika?"

"Inacheza muziki."

"Halafu?"

"Ikaharibika."

Fundi alibadilisha miwani, akafungua bati. Harufu ya kuungua ikajaa kibandani. Alichukua koleo ndogo, akavuta kitu kutoka nyuma, akakiweka mezani kwenye mwanga. Kilikuwa kichupa cha fyuzi, kimevaa karatasi nyeusi iliyokuwa iking'aa zamani.

"Na hii nayo ilijivalisha yenyewe?" aliuliza. "Ikala na peremende kwanza?"

Kimya alitazama miguu yake.

Fundi alingoja. Alipoona hapati kitu, akarudisha bati juu ya amplifaya, bila kulifunga.

"Sikufukuzi," alisema. "Lakini fundi akidanganywa, atatengeneza kizima na kuacha kibovu. Mwenye mali anajua?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Basi umekosea mlango. Anza kule nyumbani. Kitu chako nitakitunza."

"Itapona?"

Fundi aliinusa. "Kwa harufu hii, mwanangu, sikupi tumaini."

Kimya alirudi na beseni tupu. Baba alikuwa amelala, uso ukutani. Chumba cha pili, cherehani ya mama ilikuwa ikienda. Kimya alisimama kando ya kitanda. Alifikiri kwamba labda baba amelala usingizi, na kama amelala basi si vizuri kumwamsha.

"Sema," baba akasema, uso bado ukutani. "Nimesikia hatua zako tangu mlangoni."

"Umeme haukukatika."

"Najua."

"Na pasi…"

"Najua. Mama yako hakuwasha pasi siku ile. Nilimwuliza."

Cherehani ilinyamaza. Kimya alisema yaliyobaki. Alisema habari za spika nne, na kichupa, na peremende ya Kasuku, na bati lililokuwa la moto. Alisema kwamba kitabu chake kina pengo na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu watu walimwita fundi naye akapenda. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Baba hakugeuka.

"Uliponiambia umeme umekatika, ulishika nini mkononi?"

"Plagi."

"Nilidhani hivyo. Nilisikia ukiichomoa." Akavuta pumzi. "Unadhani nimelala hapa kwa ajili ya muziki?"

"Ndiyo, baba."

"Hapana. Muziki nimeusikia maisha yangu yote, naweza kuukumbuka. Nimelala hapa nahesabu. Mara ngapi mtoto huyu ameniambia shati langu ni safi? Mara ngapi ameniambia njia iko wazi, vuka? Yapi yalikuwa kweli? Nimehesabu siku nne, sijui. Na nikikuuliza, nitajuaje kwamba unalonijibu ni kweli? Macho yangu yalikufa, mwanangu, nikaazima yenu. Uliponidanganya, nikapofuka mara ya pili."

Kimya alilia. Baba hakumwambia anyamaze, wala hakumshika mkono. Mlangoni mama alisimama na kipande cha sare begani.

Hali iliendelea hivyo mpaka Jumatatu. Kimya aliingiza chai, akatoa chai. Alasiri, bila kutangulia salamu, baba aliketi kitandani akatafuta viatu kwa miguu.

"Nipeleke kwa huyo fundi."

Alimwekea Kimya mkono begani, wakatoka. "Niambie," alisema. Kimya akaelewa kwamba safari hii hapana kutikisa kichwa. Alimwambia kila kitu alichokiona. Hapa kuna shimo. Hapa kuna maji machafu, ruka. Baiskeli inakuja, ngoja. Mguu wa kushoto umekanyaga tope, baba, kiatu kimechafuka.

"Watu wapo?"

"Wapo. Wanatutazama."

"Wanatutazama vipi?"

Kimya alisita. "Wanakuonea huruma."

Mkono wa baba ulikuwa mzito begani kwake. "Asante," akasema.

Kwa fundi, Kimya aliketi kwenye stuli akasimulia habari yote upya, safari hii mbele ya mteja mwingine aliyekuja na redio yake na ambaye hakuficha kwamba anasikiliza. Masikio yalimwaka moto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akafungua bati.

"Amplifaya hii ni punda aliyezoea mizigo miwili," alisema. "Wewe umempakia minne. Punda akaanguka, maana yake fyuzi ikakatika. Hapo alikuwa anakuambia kweli. Sababu moja ya kukatika fyuzi ni hiyo, mzigo kuzidi. Nyingine ni nyaya kugusana, nyingine ni kitu kufa ndani, na nyingine ni umeme kuja kwa nguvu kupita kiasi. Lakini wewe hukumwuliza punda. Ulimfunga miguu kwa kamba asimame. Fyuzi ni mtu mkweli katika nyumba, mwanangu. Kazi yake ni kufa mapema ili wengine wapone. Ukimziba mdomo, wanaungua wote."

"Inatengenezeka?" baba aliuliza.

"Nikwambie ukweli, mzee wangu?"

"Nimekuja kwa ajili hiyo tu."

"Upande wa kulia umekufa, na vipuri vyake havipatikani tena popote. Transfoma imeungua nusu. Naweza kukupa upande mmoja, spika moja, sauti ya chini. Siku transfoma itakapokata roho, hakuna nyingine. Inaweza kuwa mwakani. Inaweza kuwa kesho."

Baba aliinamisha kichwa. Mteja mwenye redio aliguna kwa masikitiko. Kimya alimtazama baba yake usoni akaona kile chumba chake kinafungwa: mpiga gitaa kushoto, mpiga ngoma nyuma, wote wanatoka.

"Fanya utakavyoweza," baba alisema.

Kazi ilichukua wiki moja. Fundi hakutaka malipo mengine ila mama amshonee upya mifuko ya koti lake la kazi, iliyotobolewa na matone ya risasi ya kulehemu. Shuleni, mwenzao mmoja alipokuja kuuliza kama spika yake iliyolowa itapona, Kasuku alifungua mdomo kujibu, lakini Kimya akamtangulia.

"Sijui," alisema. "Wala mimi si fundi. Niliiunguza ya baba yangu."

Kasuku alifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza darasa zima kumwona hivyo. Baadaye, walipobaki wawili, alisema kwa sauti ndogo, "Ile karatasi ilikuwa yangu."

"Mkono ulikuwa wangu," Kimya akamjibu.

Amplifaya ilirudi Jumatatu iliyofuata. Kimya aliunga spika moja tu. Ile nyingine mama aliitandikia kitambaa, akaweka juu yake kasha la nyuzi. Baba alikuja akipapasa ukuta, akaketi. Alikuwa hajanyoa ndevu.

Sauti ilitoka ndogo, imebanwa, kama watu wanaopiga muziki ndani ya kabati. Baba alisikiliza. Hakumwambia mtu afunge macho.

"Kuna mvumo," alisema. "Chini kabisa ya muziki. Unausikia?"

"Nausikia."

"Unatokana na nini?"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Kimya aliutazama waya, akaitazama santuri, akalitazama bati. Angeweza kusema santuri imechakaa. Angeweza kusema ni mashine ya kinyozi. Yote mawili yangefanana na kweli.

"Sijui, baba," alisema. "Na sidhani kama utaondoka."

Baba akatafuta kichwa cha binti yake kwa mkono, akakipata.

"Sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umekisikia kilio hicho kabla ya wenzako. Kutojua si aibu. Mimi nilichapa vitabu miaka ishirini, na vingi sikujua vinasema nini. Aibu ni kulifunika shimo la kutojua kwa uongo, kwa maana kila atakayepita juu yake ataanguka, na wa kwanza ni yule anayekuamini. Amplifaya yangu haitarudi kama ilivyokuwa. Nakuambia hivi kwa sababu hata mimi sitaki kukudanganya. Na kukuamini kwangu kutarudi polepole, labda polepole kuliko unavyotaka. Lakini jibu ulilonipa sasa hivi ni gumu kama ardhi, na nimeweza kukaa juu yake. Nipe mengine kama hayo."

"Ndiyo, baba."

Mama alianza tena kukanyaga cherehani, taratibu, ili asiifunike ile sauti ndogo. Santuri ilifika mwisho. Muziki ukaisha, mvumo ukabaki peke yake chumbani. Kimya alingoja kusikia kiti kikilia na nyayo zikielekea kitandani.

Baba hakunyanyuka.

"Geuza," alisema. "Tusikie upande wa pili."